Mzazi wa Tunduni

Panya simpendi. Nalisema mapema, isije ikadhaniwa kuwa mimi ni katika wale wanaobusiana na wanyama. Nimezaliwa Mji Mkongwe, panya wa dari nimewasikia tangu utotoni wakifukuzana juu ya kichwa changu, na dawa yao kwangu siku zote ilikuwa moja tu, ufagio. Kwa hiyo mdogo wangu alipopanda ngazi zetu, mimba yake ya miezi minane mbele, na mkononi kashika tundu la waya lenye panya mweupe mwenye macho mekundu, niliganda katikati ya ukumbi na hina mkononi. Bibi harusi niliyekuwa nampamba aliruka juu ya kochi akasahau kuwa hina bado mbichi, mguu mzima wa kulia ukaharibika. Ilinibidi nianze upya, na wakati wote huo nikinung'unika.

Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi Matemwe, kwenye nyumba ya wageni, na huko ndiko alikoolewa. Mgeni mmoja aliyekaa muda mrefu alikuwa akimfuga yule panya, na alipoondoka akamwachia. Sasa amekuja kuzaa mimba ya kwanza kwa mama yake, kama tunavyofanya sote, na mnyama wake hakutaka kumwacha nyuma. Mama alimwambia achague, yeye au panya. Mdogo wangu akajibu kwa upole kabisa kuwa basi wote wawili watarudi Matemwe. Tundu likawekwa stoo, karibu na jiko, na mimi nikaapa kuwa mkono wangu hautaligusa.

Kiapo chenyewe hakikufika popote. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Mtoto alitoka hai, mwanamme, akapumua saa chache, akafa. Mdogo wangu hakuwa hata na fahamu. Shemeji, mumewe, aliileta maiti nyumbani mchana uleule, mimi na Mama tukamwosha na kumkafini, wanaume wakamchukua wakenda kumzika, na kabla ya laasiri kila kitu kilikuwa kimeshakwisha. Mdogo wangu alipozinduka akaambiwa ni amri ya Mungu. Hakulia. Alituangalia mmoja mmoja kama watu tuliokosea chumba.

Akarudi nyumbani kukaa arubaini yake bila ya mtoto. Mama hakupunguza chochote katika ada za mzazi. Akamkanda miguu na mgongo kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, na kila jioni chetezo kikazunguka chumba kizima, ubani na udi, mpaka ukiingia huoni kitanda. Mdogo wangu alivumilia yote hayo bila ya neno. Uji ulirudi jikoni umeganda utando. Ukimwita anaitika "naam", ukimuuliza kitu hajibu. Siku zikipita tu, naye anakonda tunamwona, na Mama akaanza kuninong'oneza jikoni kuwa tutazika wawili.

Nani sasa amlishe panya? Mimi. Nilikuwa nikifungua kile kidirisha cha tundu kwa ncha za vidole, natupia ganda la mkate wa boflo, nakimbia. Niliona ananenepa, nikasema ni uvivu. Niliona anachana kitambaa nilichomwekea, vipande vipande, nikasema ni utundu. Na kabla ya hapo kuna usiku mmoja kitasa kilijifungua, akatembea anakokujua, na asubuhi tukamkuta amekaa ndani ya tundu lake mwenyewe, anajilamba. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Basi asubuhi moja nimekwenda na boflo langu, nikasikia vilio vyembamba. Nikainama. Wallahi damu ilinikauka. Vitu vyekundu, havina manyoya, havina macho, kama kamba waliomenywa, vimerundikana vinajinyonganyonga juu ya matambara. Nilipiga ukelele mpaka jirani wa chini akafungua dirisha akauliza nani amekufa. Mama alikuja mbio na upawa mkononi. Akatazama, akatazama tena, halafu akauliza kwa ukali baba yao nani. Nikamwonyesha juu, darini. Akasema alijua tu, tangu siku ile alipolala nje.

Nilitaka kucheka, lakini nikamwona mdogo wangu mlangoni. Amekuja mwenyewe, anajishika ukutani, mkono mwingine juu ya mshono wake. Tangu atoke hospitali hajawahi kunyanyuka pasi na kunyanyuliwa. Tukampisha. Akaikalia mbuzi ya kukunia nazi, akasogeza uso karibu na waya, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Wananyonya," alisema. "Tazameni, maziwa yanaonekana tumboni."

Na kweli yalionekana, ngozi yao nyembamba, na ndani yake doa jeupe. Mimi nilikuwa nikitazama mdomo wa mdogo wangu. Akaagiza yai la kuchemsha kwa ajili ya panya. Nililileta mbio, mimi niliyeapa. Akalikata, nusu akampa yule mzazi wa tunduni, na nusu ya pili akaila mwenyewe, polepole, bila ya kufikiri. Mama aliingia chumbani kwake akafunga mlango, nikamsikia anamshukuru Mungu kwa sauti ya kilio.

Tangu saa ile nyumba yetu ikawa upande wa panya. Mama aliyekuwa hataki kumtaja kwa jina la kiumbe sasa anamroweka boflo kwenye maziwa, anamvunjia karanga, anauliza kama amekula. Mdogo wangu akawa anashinda stoo. Anakula huko, anatueleza nani amenyonya na nani amesukumwa pembeni. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa sauti. Tuliomba tu wale vijidudu wasife. Mtu angeniambia mwezi mmoja kabla kuwa nitakuja kuwaombea watoto wa panya, ningemtukana.

Sasa lililotokea ni hili. Alasiri moja mdogo wangu alipitiwa na usingizi kitandani kwake, usingizi wa kweli, mdomo wazi. Mama alimfunika, akatoka akitabasamu, akasema leo na yule mwengine atatendewa kama mzazi. Nilidhani anatania. Akawasha mkaa, akajaza chetezo, ubani na udi wake mzuri anaoubania siku za Idi. Akamwita na jirani wa chini, aliyekuwa akililia kuwaona. Mimi nikashika tundu lisitikisike. Mama akawatoa wadogo mmojammoja kwa mkono wake, mwepesi ule mkono, akawalaza kwenye kitambaa kipya alichokifukiza. Yale matambara machafu akayatupa. Jirani akawapitisha kiganjani akisema mashaallah. Tukafunga mlango wa stoo ili moshi uingie vizuri, tukaenda kusali magharibi, na roho zetu nyeupe.

Baada ya sala nikenda kuchungulia. Moshi ulikuwa umepungua. Kitambaa kipya kilikuwa na madoa. Panya alikuwa amejibana kwenye pembe, anatetemeka mwili mzima, na mdomoni kashika kitu. Nilidhani anamhamisha mtoto. Nikasogea. Alikuwa anamla.

Sikupiga ukelele. Nikatafuta wengine kwa macho, nikaona watatu chini ya tumbo lake, na wale wengine wote hawapo. Nyuma yangu nikamsikia Mama anasema "la haula", mara moja, halafu akakaa chini sakafuni kama mzigo. Nilichokiwaza ni mdogo wangu. Nikawaza akiamka akaliona hili, hatamwita tena mtu, hatakula tena, basi. Hasira zikanipanda. Mama gani huyu? Nikauchukua ufagio, nikafungua tundu.

"Weka ufagio chini."

Alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Nilijaribu kumziba asione, akanisogeza kwa mkono, akatazama. Nilingoja aanguke. Hakuanguka. Akafunga tundu, akavua kanga yake ya begani akalifunika lote, mkawa giza mle ndani. Kisha akatugeukia, na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Mmemtia moshi," alisema. "Wanawe mmewashika, harufu yao mmeiondoa, mmemletea na mtu asiyemjua, sauti ya jirani nimeisikia usingizini. Atajuaje yeye kama mnamtakia kheri? Alichoona ni kuwa wanachukuliwa."

Mama alifungua mdomo kumwambia kuwa ndiyo ada, kuwa ule ulikuwa udi wake mzuri. Mdogo wangu akatuomba tutoke, kwa adabu, akafunga mlango akabaki ndani na panya wake.

Tukakaa kwenye kidaraja cha kupandia mlango wa stoo, mimi na Mama, bega kwa bega, na chetezo bado kinatoa moshi kando yetu. Nilisikia kitu kinatafuna, kisha nikasikia vile vilio vyembamba, vichache, vya kunyonya. Bado walikuwa hai wale watatu. Nikafikiri anawaangalia wao.

"Dada," akaniita kutoka ndani.

"Naam."

"Wangu alikuwa na nywele?"

Nilimtazama Mama. Naye alinitazama. Siku zote zile! Uji, kukandwa, ubani, kila ada tuliitimiza, nguo za mtoto tukazificha asizione, picha yake shemeji akaifuta kwenye simu, na hakuna mmoja wetu aliyemwambia mwanawe alivyokuwa. Tuliona tunamsitiri. Hajamwona, hajamshika, na sisi tuliomwosha tulikuwa tunapita mbele yake asubuhi na jioni tumefunga midomo.

"Tele," nikamwambia. "Nyeusi tititi. Zimemshuka mpaka kwenye masikio."

Nikasikia mbuzi ya nazi inalia akijiweka sawa.

"Na maji mliyomwoshea, yalikuwa ya baridi?"

Aliyejibu ni Mama, paji la uso kaliegemeza kwenye ubao wa mlango.

"Ya vuguvugu, mwanangu. Niliyajaribu kwa kiwiko kwanza."

Ndipo mdogo wangu alipolia. Alilia kwa sauti, nyumba nzima ikasikia, na chini jirani akazima redio. Mama akainuka haraka kumwendea kama kawaida yake, mkono ukafika kwenye mlango, ukasimama hapo. Akasubiri aitwe.