Veranda ya Cherehani, Migori

Siku ya kwanza Fundi Mkuu hakunipa kitambaa. Aliniketisha mbele ya cherehani, akatoa uzi kwenye sindano, akaniambia nikanyage pedali mpaka gurudumu liache kurudi nyuma. "Miguu ikielewa, mikono itafuata," alisema. Nilikanyaga hadi adhuhuri. Nilikuwa nimeacha shule baada ya kumzika mama kando ya baba, na nyumbani nilikuwa nimebaki na wadogo zangu watatu, wasichana wawili na kitindamimba wa kiume.

Ilikuwa miaka ya sitini, na mtaa wetu ulichangamka kuliko yote Migori. Mchana ulikuwa wa vitenge, viatu vya mpira, na muuza santuri aliyerudia wimbo mmoja tangu asubuhi. Jua likishuka, baa zilifunguliwa, na wachimba dhahabu wa Masara waliingia na vumbi kwenye nyusi wakitaka suruali za kubana za kuchezea twisti. Vijana ambao kijijini wangefukuzwa kwa mavazi yao na nywele zao, hapa waliitwa kwa majina.

Fundi Mkuu alikuwa Msabato. Alinipa mimi na wadogo zangu chumba nyuma ya duka, kwa sharti moja. Kila Ijumaa jua likitua alichomoa mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu, akautia mfukoni. Bila mkanda huo cherehani ni meza tu. Mpaka Jumamosi jua litue, hakuna kushona, hata kwa mkono. Niliahidi.

Ijumaa moja jua lilitua suruali ya mpiga gita ikiwa bado haina mkanda wa kiuno wala pindo. Huyo alikuwa wa bendi iliyotoka Homa Bay kupiga dansi ya Jumamosi alasiri kwa Mama wa Baa, mteja wetu mkubwa. Asubuhi mama huyo alinikuta verandani.

"Omera, ndugu yangu, shona kwa mkono. Mungu haangalii sindano ndogo."

"Siwezi, Mama."

"Basi mtu wangu asimame na taulo?"

"Apige akiwa amekaa na suruali yake ya zamani. Gita litaficha magoti yaliyochakaa."

Alisonya, akaenda zake.

Kabla ya saa sita akafika baba mdogo kutoka Lambwe. Ukoo ulikuwa umekubaliana wadogo zangu wagawanywe, kila mmoja nyumba yake, kwa sababu mtaa kama huu hauwezi kulea mtoto. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini, akaniambia niwafungie nguo zao. Nilimpa uji, nikasimama.

Mama wa Baa akarudi. "Njoo kwangu. Nitakupa cherehani yako na vyumba viwili. Huyu fundi wako atakuzeesha hapa."

"Nilimpa neno langu, Mama."

Akamgeukia mgeni. "Wewe ni mzazi wake? Ongea naye. Kichwa ngumu. Nimembembeleza tangu asubuhi, hashawishiki."

Baba mdogo akauliza taratibu, "Na jioni huwa wapi?"

"Jioni? Anajifungia huko nyuma na hao watoto kama kuku na vifaranga. Hata soda yangu hajaonja. Mtu gani huyo?"

Baba mdogo alimaliza uji wote. Akavaa kofia. "Watoto wabaki," aliniambia. "Lakini nitakuja bila kutoa habari."

Alikuja hivyo kwa miaka. Mama wa Baa alipeleka kazi zake kwa fundi mwingine.

Fundi Mkuu alipozeeka, nilihamia Homa Bay, kwa meneja wa duka la sare za shule, mtu aliyesimama nyuma ya kiti chako akitazama saa. Kola, mfuko, lisani, yaani ule mkato wa vifungo, halafu kola tena. Dada wa kwanza aliolewa, wa pili akawa muuguzi, kitindamimba akapata kazi Kisumu. Waliondoka mmoja mmoja, wakubwa, wakijuana kama ndugu.

Mimi niliendelea kukanyaga. Miguu ilikuwa imezoea, na hakuna aliyeniambia basi. Nilistaafu magoti yalipokataa. Vijana huniuliza kama niliipenda kazi ile. Nami huwajibu kwamba niliipenda hadi jioni ile kitindamimba alipopanda gari la Kisumu. Iliyobaki baadaye ilikuwa kushona tu.