Kona ya Mbele, Kulia

Hii stori inanifanya nionekane boya, najua. Nimeshaisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kwao mimi ni boya zaidi, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe.

Naendesha bodaboda, kijiwe chetu kipo Kiboriloni, jirani na soko. Kazi yenyewe ni kukaa. Unakaa ukisubiri abiria, ukimpata unakaa tena kumpeleka, jioni unakaa kwenye chipsi mayai. Kitambi kikaja kama ndugu wa Desemba: anasema analala siku moja, mara ana mswaki wake bafuni. Abiria wakawa wananishika mabega kwa sababu kiuno hakishikiki. Basi nikaingia kwenye dayati. Kuna jamaa kwenye simu alisema acha ugali, acha ndizi, kunywa maji ya moto na ndimu, njaa ikizidi tafuna tango. Nikamfuata kama mlokole mpya.

Katikati ya dayati, bibi yangu mzaa baba akafariki.

Kwetu ni juu mlimani. Gari inaishia kanisani, halafu unapandisha kwa miguu katikati ya migomba mpaka kihambani, shamba la ukoo, na huko ndiko tunakozikana, nyuma ya nyumba. Jeneza wanabeba wajukuu wa kiume. Mimi ndiye mjukuu mkubwa, kwa hiyo kona ya mbele kulia ni yangu. Asubuhi ya mazishi shangazi, dada yake baba, akaniletea bakuli la mtori, ndizi zilizopondwa na nyama.

"Nipo dayati, shangazi."

Akakitazama kitambi changu, akalitazama jeneza la mama yake. "Hata huyo aliyelala pale hajala tangu Jumatatu," akasema. "Mmefuatana."

Bibi alikuwa mwanamke mwenye mwili wake. Tulipofika kwenye ule mwinuko wa mwisho, miguu ikawa ya mtu mwingine. Migomba ikaanza kuzunguka, nikalala chini. Kona yangu ikashuka, jeneza likateleza mabegani kwa wenzangu, likagota kwenye mgomba, likaegemea hapo. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Nilipozinduka shangazi ananimwagia maji ya kuoshea vyombo. Babu, mwenye mke, amesimama na fimbo yake. Mimi hakunitazama. Alikuwa anaupapasa mgomba.

"Asante," aliuambia. "Wewe ndiye mjukuu."

Kijiweni sikukaa kwa amani tena. Nikitokea tu: "Oya, shika mgomba!" Abiria akinisogelea, wenzangu wanamvuta mkono: "Dada, huyu kamwangusha bibi yake mzazi. Wewe ni nani?"

Kwetu mtu akikosa mpaka maneno yakaisha, anachuma jani la sale, lile linalopandwa mipakani na makaburini, anampelekea aliyemkosea. Ukiletewa sale huna ruhusa ya kukataa msamaha, hata kama mtu kakuulia ng'ombe. Nikachuma langu, nikampelekea babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Akalipokea, akaligeuzageuza. "Nimekusamehe. Sina ujanja, ni sale. Ila mimi hunibebi."

"Ah, babu, wewe bado upo sana."

"Nipo, ndiyo maana nakwambia sasa. Nikishakufa nitakwambiaje?"

Hapo iliniuma kuliko matusi yote ya kijiweni. Mjukuu mkubwa kunyimwa kona ya babu yake ni kama kufutwa ukoo. Siku hiyo utasimama na watoto, umeshika shada la maua, na kila mtu anajua kwa nini.

"Nifanyeje, babu?"

"Kwanza kula. Mtu anayeogopa ndizi nimpe jeneza? Halafu ukamkatie ng'ombe majani."

Huku kwetu ng'ombe anakaa bandani, hazururi. Majani unayafuata chini bondeni, unayakata, unayafunga kwa kamba ya mgomba, unayapandisha kichwani. Na hiyo ni kazi ya wanawake. Babu alijua vizuri. "Mke wangu ndiye aliyekuwa anayaleta," akasema. "Wewe uliyemwangusha, shika zamu yake."

Nikaanza. Kila jioni naacha pikipiki kanisani, nashuka na panga. Kinamama nikikutana nao njiani na mizigo yao: "Karibu chamani, mama fulani! Mume hajambo?" Mzigo wa kwanza ulinishinda nusu ya njia, nikafika na kiganja cha majani kama naenda kuomba msamaha kwa ng'ombe pia. Babu akamwambia ng'ombe, "Leo vumilia. Kaletwa mwanamke mgonjwa."

Lakini nilikuwa nakula. Mtori, kiburu cha ndizi na maharage, maziwa, kila alichopakua shangazi. Ndimu niliwaachia wenye mafua. Na pumzi ikaja. Kile kilima kikawa kinafupika, kitambi kikaondoka bila kuaga, abiria wakarudi kunishika kiuno.

Na babu naye akawa anapungua. Yeye hakuwa anapanda kilima chochote. Alikaa tu mlangoni kwa ng'ombe, na nyama inamtoka. Walimpeleka hospitali mjini wakarudi na vidonge, na hakuna aliyenieleza kitu. Jumapili tukitoka kanisani watu wananipiga mgongo: "Umependeza kijana! Unatumia nini?" Wakimgeukia babu wanaanza kuzungumzia mvua.

"Babu," nikamtania siku moja, "mbona umenizidi? Unatumia ndimu?"

Akacheka mpaka akakohoa, akamaliza kukohoa akacheka tena. Akavua mkanda wake, akanirushia. "Tundu zimeisha. Vaa wewe. Na hii dayati yangu usiifuate."

Siku moja mvua inanyesha, njia yote utelezi, nikapandisha mzigo mzima bila kuutua. Nikaubwaga mlangoni, sijahema. Babu alikuwa amejifunika blanketi, amebaki macho na masikio.

"Kona ya mbele," akasema.

"Kulia?"

"Kwani uliangusha kushoto?"

Masika hayajaisha, akaenda.

Siku ya kumzika nilikula mtori bakuli mbili, shangazi akitazama. Tukanyanyua. Ule mgomba ulishakatwa, umebaki mtoto wake tu. Kwenye mwinuko nikakaza meno, nikausubiri uzito uje. Haukuja. Nikapita pale kama nimebeba kiti, nyuma yangu kwaya ikamaliza ubeti wake wote, tukamlaza babu jirani na mkewe. Nikashika kiuno, kwenye ule mkanda wake, nikawatazama wote mmoja mmoja. Nani sasa aniambie nishike mgomba?

Baadaye nikamfuata shangazi jikoni, anapakulia watu. Nilitaka asikie kila mtu.

"Shangazi, umeniona? Hata jasho!"

Hakuinua kichwa kwenye sufuria. "Nimekuona, baba. Mbao umezibeba vizuri. Babu yako mwenyewe nilikuwa nambeba mimi kwenda chooni, kwa mkono mmoja, huu mwingine nimeshika tochi. Haya, kula."