Bana Kabaso, Mama Anayesoma Mbinu za Timu Kwenye Nyasi

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, umande bado umelala juu ya uwanja wa mpira wa Luanshya, Zambia. Idah Nkandu amepiga magoti karibu na kibendera cha kona, kitenge chake kimelowa hadi mapajani. Mkononi ana uma wa bustani. Anaingiza kidole kwenye tundu moja lililoachwa na jino la kiatu, anapima kina chake, kisha anahamia la pili.

"Huyu aligeuka ghafla," anasema bila kuinua macho. "Alikuwa anakwenda langoni, akaona njia imezibwa, akarudi nyuma. Ona kisigino kilivyochimba."

Ana miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mtunza uwanja hapa, kwa mshahara ambao leo ni kwacha elfu tatu na mia nne kwa mwezi. Mtaani wanamwita Bana Kabaso, yaani Mama Kabaso, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mpaka wiki mbili zilizopita hakuna aliyemjua nje ya mtaa wake. Sasa wapo wanaomwita mchawi, na wapo wanaovuka barabara wakimwona.

Yote yalianza na mashindano ya wasichana wa chini ya miaka ishirini, yaliyozileta timu za taifa za nchi jirani katika miji ya machimbo ya shaba. Kundi moja lilichezea Luanshya, jingine Kitwe.

Kila asubuhi baada ya mechi, Bana Kabaso alitembea uwanja mzima akiziba mashimo. Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha.

"Nilichoka kuziba mashimo nisiyojua yametoka wapi," anasema. "Nikaanza kujiuliza: nani kachimba hapa, na alikuwa anakwenda wapi? Ukijiuliza hivyo miaka kumi na tisa, nyasi zinakujibu."

Zilimwambia kwamba Botswana hucheza pasi fupi fupi katikati, kwa hiyo nyasi za katikati hulala tu, hazing'oki. Afrika Kusini hukaba juu kabisa: mashimo hujaa mbele ya lango la wapinzani, kwao kwenyewe nyasi ni kama hazijaguswa. Na wasichana wa nyumbani, Zambia?

"Wetu wanapenda kwenda mbele, hasa beki wa kulia. Anapanda kama anakimbilia basi, lakini alama za kurudi ni chache. Nikasema moyoni, siku akitokea mtu wa kuliona hilo, tumekwisha."

Namibia waliliona.

Siku moja kabla ya nusu fainali, Namibia walifanya mazoezi uwanjani milango ikiwa imefungwa. Waandishi walizuiwa, hata wafanyakazi walitolewa nje. Bana Kabaso alikuwa nyumbani kwake akipika dagaa wa kapenta.

Asubuhi ya mechi aliingia kazini kama kawaida. Alipofika upande wa kushoto wa ushambuliaji, akasimama. Mbio ileile ilikuwa imerudiwa mara nyingi, kutoka mstari wa kati hadi kwenye kona ya eneo la hatari, mpaka nyasi zikatengeneza kijia. Kijia hicho kilipita palepale ambapo beki wa kulia wa Zambia huacha wazi.

Alimfuata Mushota, kocha msaidizi wa Zambia, aliyekuwa akipanga koni.

"Baba, leo watapita nyuma ya beki wenu wa kulia. Wamefanya mazoezi ya jambo hilo moja tu."

"Nani kakwambia?"

"Nyasi."

Mushota anakiri kwamba alicheka mpaka akashika tumbo. "Nilimwambia, mama, wewe tuchoree mistari iliyonyooka, mengine tuachie wenyewe. Mungu anisamehe."

Dakika ya tisa, bao. Dakika ya kumi na saba, bao. Dakika ya ishirini na sita, la tatu. Yote yalitoka kwenye kijia kile. Watu elfu kumi na mbili walipigwa na butwaa, ukawa unasikia wasichana wa Namibia wakiitana kwa majina uwanjani. Muuza karanga mmoja aliketi chini na sinia lake, akasahau kuuza.

Mapumziko yalipofika, Mushota hakwenda chumba cha kubadilishia nguo. Alikwenda kwenye kibanda cha mashine za kukatia majani.

"Mama, niambie tena," alisema, jasho likimtiririka.

Zambia wakambakiza beki wa kulia nyuma na kumsogeza kiungo mmoja upande ule. Hawakufungwa tena. Walirudisha mawili na kutolewa kwa mabao matatu kwa mawili.

Kilichofuata ndicho kilichomnyima usingizi. Habari zilipomfikia kocha wa Namibia, Kondjeni Nuuyoma, alipeleka barua ya malalamiko kwenye kamati ya mashindano: mfanyakazi wa uwanja amechungulia mazoezi ya siri na kuyauza. Bana Kabaso alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, funguo zake zikachukuliwa.

Mwenyewe anasema: "Mwizi afadhali, ameiba kitu kinachoonekana. Mimi niwaambie nini? Kwamba nimesoma majani? Nani ataniamini?"

Hakuna aliyemwamini. Mwenyekiti wa kamati akapendekeza ajaribiwe. Malawi, iliyofika fainali, na Mozambique, iliyokuwa bado haijaondoka, zilikuwa zimecheza mechi zao zote Kitwe, na Bana Kabaso hakuwahi kukanyaga zilipocheza. Asubuhi hiyo zilikuwa zimefanya mazoezi kwenye uwanja mdogo nje ya mji, kila moja nusu yake. Akapelekwa huko, asiambiwe nusu ipi ni ya nani. Nuuyoma alikuwepo, pamoja na makocha na madaktari wa timu zote mbili.

Alitembea dakika arobaini, akiingiza kidole tundu baada ya tundu. Kisha akarudi kwao.

"Nusu hii wanacheza pembetatu. Watatu hapa, watatu pale, mpira hauruki. Kipa wao anatoka mbali na lango, anacheza kama beki wa ziada."

Kocha wa Mozambique akakunja mikono kama aliyeumbuliwa.

"Nusu ile wanangoja. Mabeki watano kwenye mstari mmoja, wametulia. Halafu mmoja tu anachomoka, mbio ndefu iliyonyooka. Wanawaacha wapinzani wachoke, ndipo wanawashtukiza."

"Ndio sisi," alisema kocha wa Malawi kwa sauti ndogo.

"Lakini huyo mkimbiaji wenu anaumwa."

"Hapana, mama. Yule ndiye mzima kuliko wote."

"Mguu wa kushoto anauonea huruma. Matundu ya kulia yana kina cha kidole, ya kushoto ni mikwaruzo tu. Na kila anaposimama, anasimamia wa kulia. Mwiteni."

Aliitwa Tadala, mshambuliaji wa miaka kumi na tisa. Daktari alipombonyeza juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, msichana alipiga ukelele na kuanza kulia. Alikuwa ameficha maumivu kwa siku nane ili acheze fainali. Picha ya hospitali ilionyesha mfupa umeanza kupasuka. Mbio mbili tatu zaidi, daktari alisema, na ungevunjika kabisa.

Pale uwanjani Nuuyoma alivua kofia.

"Nimefundisha mpira miaka kumi na sita," alimwambia mwenyekiti. "Futeni barua yangu." Kisha akamgeukia Bana Kabaso: "Mama, nimekukosea." Mama huyo akarudishiwa funguo zake.

Tadala hakuwa na shukrani. Jioni alikuja kwenye kibanda akiwa kwenye magongo, macho yamevimba.

"Umeninyima fainali, mama."

"Moja, mwanangu," Bana Kabaso alimjibu. "Nimekunyima moja."

Walikaa pamoja mpaka giza likaingia. Siku ya fainali, Malawi bila mkimbiaji wao walifungwa na Namibia bao moja kwa bila. Tadala alitazama akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya mtunza uwanja.

Tangu hapo simu haziishi. Mushota anamtaka kwenye benchi, awe anamsomea wapinzani. Amekataa.

"Nikisomea upande mmoja, ile barua itakuwa ya kweli. Uwanja ni wa wote wanaouchezea."

Alichokubali ni kingine. Mwezi ujao watunza viwanja wanane wa miji ya shaba watakuja Luanshya, nao atawafundisha kutambua nyayo za mchezaji anayeficha maumivu. Akimaliza nao, anataka kuandika yote kwa Kibemba, kwa maneno ambayo hata mfagiaji wa uwanja wa shule atayaelewa.

"Nani atashinda, makocha watajua wenyewe," anasema, akichomeka uma wake ardhini. "Mimi nataka kila uwanja uwe na mtu mmoja wa kuwaona hawa wasichana kabla hawajavunjika."