Swali la Chumba cha Eksirei

Iko siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka nainamisha uso, mwanangu, ingawa nywele zangu zimekuwa nyeupe na wengi waliokuwepo wametangulia mbele za haki.

Nilikuwa msichana wa Buruburu, nasomea kupiga taipu mjini. Baba yangu alikuwa karani wa serikali na mzee wa kanisa, mtu ambaye akiingia mahali watu hupunguza sauti. Tulikuwa tunapanga viti vya harusi kanisani nilipoteleza kwenye ngazi nikaangukia mgongo. Kufikia Jumatatu sikuweza kuinama kufunga viatu. Baba akaomba ruhusa kazini, akanipeleka kliniki moja karibu na Jogoo Road. Daktari akasema nipigwe picha ya eksirei, aone kama kuna mfupa uliovunjika.

Jambo ambalo Baba hakulijua, wala daktari, ni kwamba nilikuwa na mimba changa. Aliyenipa alikuwa Mutuku, kijana wa kwaya yetu, ambaye baadaye alinioa.

Aliyeendesha mashine alikuwa mtu mpole wa makamo, Bwana Wekesa. Alinilaza juu ya meza, Baba akiwa amesimama kando ameshika koti langu. Akauliza kama wanavyotakiwa kuuliza: je, nina ujauzito? Siku zangu za mwisho nilizipata lini?

Baba akakohoa, akatazama ukuta.

"Wiki jana," nikasema.

Bwana Wekesa akamwomba Baba atoke nje, kwa sababu ya miale ya mashine. Mlango ulipofungwa, akaja akainama karibu nami. "Mzee ametoka sasa. Nakuuliza tena, dada yangu. Miale hii haifai mtoto aliye tumboni kama hakuna lazima. Kama yupo niambie, na kwangu halitatoka."

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, mwanangu. Jibu la kwanza ningeweza kumsingizia Baba. La pili lilikuwa langu peke yangu. Niliona kama nikilitamka neno hilo litapita chini ya mlango limfikie.

"Sina," nikamjibu.

Akaniangalia kidogo, akaenda nyuma ya ukuta wake wa kinga, mashine ikalia.

Mfupa haukuwa umevunjika. Nilipewa dawa ya kuchua, tukarudi nyumbani. Lakini yale maneno ya Bwana Wekesa yalinifuata kila mahali. Mwishowe nikamweleza rafiki yangu mmoja wa chuoni, naye akaniapia kwamba mtoto atazaliwa bila macho. Akanielekeza kwa mama mmoja anayetoa mimba. Nilikubali, na siku tukaipanga.

Aliyeniokoa ni Shangazi Mwende, dada yake Baba, aliyekuwa akiuza nyama ya mbuzi soko la Kiamaiko. Nilikuwa nikimsaidia, lakini siku hizo nikinusa nyama tu natapika. Akanivuta pembeni, nami nikamwambia yote. Hakupaza sauti.

"Na aliyekwambia mtoto ameharibika ni nani?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki yako anasomea taipu," akasema, huku akivua aproni. "Nenda uvae viatu. Tunaenda kwa wenye mashine."

Bwana Wekesa alipotuona, na mimi nimeshika tumbo, hakuhitaji kuelezwa. Alikaa kwenye kiti. "Nilikuuliza mara mbili," akasema. Hakuwa na hasira. Alifungua daftari lake akalisoma tena jibu langu la siku ile, na hilo ndilo nisiloweza kulisahau. Nilikuwa nimemfanya mtu mwangalifu afanye jambo ambalo alijitahidi asilifanye, naye atalibeba moyoni kwa sababu yangu.

Daktari akatukalisha. Akasema picha chache za mgongo hutoa miale kidogo, kwamba kwa kila dalili mtoto hatadhurika, na kwamba hiyo si sababu ya kuitoa mimba. Kisha akaniambia, "Lakini mgongo wako haukuwa na haraka. Ungesema, tungesubiri, au tungeamua pamoja. Ulitunyima nafasi hiyo."

Shangazi ndiye aliyemweleza Baba, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Nilingoja kupigwa. Baba akasema, "Mimi ningetoka chumbani mapema." Afadhali angenipiga.

Mtoto alizaliwa mzima. Ni Kioko, ambaye leo ana watoto wake. Lakini kila alipopata homa nilimkagua mwili wote, nikitafuta kosa langu.

Wala sikwambii haya ili uiogope miale. Juzi juzi nilipougua saratani ya titi, miale hiyo hiyo, yenye nguvu nyingi zaidi, ndiyo iliyoelekezwa kwenye titi langu kuua ugonjwa. Ngozi iliungua ikawa nyeusi, nikachoka hadi kikombe cha chai kikawa kizito. Hata hivyo nipo, nazungumza nawe.

Basi, mwanangu, daktari akikuagiza picha, muulize anatafuta nini na kama kuna njia nyingine. Ukielewa, kubali. Usiikatae kwa maneno ya mtaani, na usiidai kwa sababu jirani alipigwa picha. Wewe msichana, ukiulizwa kama una mimba, omba uliyekuja naye atoke, useme kweli. Kama hujui, sema hujui. Na wewe mzazi, ukisikia swali hilo likiulizwa, toka kabla hujaombwa.

Mungu akulinde na maradhi, mwanangu. Na yakikufika, akupe ulimi usioona haya kusema kweli, na mtu mpole wa kuisikiliza.