Divai ya Kutema

Kama kuna kitu Honoré Zagabe alichukia kuliko divai mbaya, ni mutu mwenye kuinywa na kushukuru. Kila siku ya Mungu, Jumapili, saa sita, watu wa Bukavu wakitoka kanisani na njaa yao, yeye alikuwa anafungua mikro ya redio na kuanza kuwasema. Aliwasema wachuuzi wenye kuacha makarto ya chupa juani siku nzima pale mupakani, halafu wanatuuzia kama mali safi ya Ulaya. Aliwasema wakubwa wa villa za Ibanda, wenye kununua picha ya nyumba ya mufalme iliyobandikwa kwenye chupa, kisha wanatumbukiza barafu ndani. Na watu wa ONG, yale mashirika ya misaada, je? Wale, alisema, wanazungusha glasi kwa sababu wameona wakubwa wao wanazungusha. Uwaulize wanatafuta nini mule ndani, wanakuangalia tu.

Yeye mwenyewe alipenda divai nyeupe, kavu, ya kukunja uso, na sahani ya sambaza, visamaki vya ziwa, za kukaanga pembeni. Basi. Zile nyekundu zenye sukari aliziita dawa ya kikohozi. Alikuwa amesomea kilimo Ubelgiji, akarudi na diploma na ugonjwa huo. Karibu na mikro aliweka ndoo ya plastiki, maana muonjaji wa kweli hamezi: anazungusha, ananusa, anasukutua, anatema. Ile "pyu" yake ilisikika mupaka Kadutu, na kuna watu waliofungua redio kwa ajili ya hiyo tu.

Tuseme ukweli, mara nyingi alikuwa na haki. Lakini mutu akiwa na haki kila siku ya Mungu, mwaka nenda mwaka rudi, anachosha. Na nyumbani ilikuwa vilevile. Supu ya muke wake Bibiane aliionja na kuisemea. Nguo ya binti yake Mireille aliisemea. Wanaume wawili walikuja kumuposa Mireille, akawasemea viatu, kifaransa chao, na bia waliyoleta, mupaka wakapotea bila kuaga. Mireille alikuwa mwalimu wa sekondari, mutu wa maneno machache. Safari ya tatu, alipopendana na Akonkwa, alimuambia mama yake: huyu naye akikimbia, sileti tena mutu katika nyumba hii. Bibiane alilia siku hiyo, kwa sababu alijua binti yake hatishi bure.

Sasa balaa lilikuwa hivi: baba yake Akonkwa, muzee Alphonse, alikuwa na depo ya vinywaji kule Kadutu, moja ya zile zenye kusimamisha chupa dirishani zikiota jua. Zagabe alikuwa amezisema depo hizo redioni bila kuhesabu.

Siku ya dote, siku ya kutoa mahari, wakwe walifika wamevaa kweli. Hesabu ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kupatanwa, mabido makubwa ya plastiki yenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, yalipangwa mulangoni, na kwa heshima ya Zagabe, papa wa redio, muzee Alphonse alileta chupa ya divai nyekundu aliyoitoa mwenyewe dirishani. Kila mutu pale alijua namna inavyokwenda. Mwenye kuleta anafungua mbele ya macho ya wote, anakunywa wa kwanza, watu waone hakuna sumu. Kisha baba wa binti anakunywa, anamupa binti, naye anakunywa. Hapo maneno yamekwisha, mutoto ametolewa. Baba asipokunywa, wakwe wanabeba vitu vyao wanarudi.

Alphonse akafungua, akanywa, akajaza, akatoa kwa mikono miwili. Zagabe akapokea. Bibiane alimuangalia kwa jicho la kuomba, lakini wapi, mazoea yana taabu. Mukono ukazungusha wenyewe. Pua ikaingia. Mudomo ukasukutua, na macho yakaanza kutafuta ndoo. Ndoo haikuwepo. Palikuwa na chungu cha maua cha Bibiane. Pyu.

Shangazi mumoja wa Akonkwa akajifunga kitenge chake vizuri, na wajomba wakainama kushika mabido. Zagabe akaanza kueleza kwamba hiyo ndiyo kazi, kwamba hata divai ya kwanza ya Ulaya inatemwa, si matusi. Angeishia hapo. Lakini ulimi ule, mubaya ule, ukaongeza kwamba hii kwanza jua limeipiga.

Muzee Alphonse akavaa kofia yake. "Tunakusikiaka kila siku ya Mungu, papa," alisema. "Leo tumekusikia vizuri zaidi."

Ndipo Mireille akatoka katika chumba alimokuwa anangoja, kabla ya kuitwa, jambo ambalo bibi-arusi hafanyi. Akachukua chupa, akajaza glasi, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Papa," alisema kwa sauti ya chini, "tangu nizaliwe sijakuona unameza kitu bila kukisemea. Hii moja tu. Meza, papa, na usiseme kitu."

Zagabe alimuangalia binti yake na akaogopa. Aliona haya pia, mbele ya watu wote wale, haya ya kweli, ambayo redioni hakuijua. Akakunywa. Ilikuwa na moto, ilikuwa na sukari, ilikuwa imekufa siku nyingi. Maneno yote ya miaka yake yakapanda kooni, akayameza nayo. Akabakisha kidogo, akamupa Mireille, Mireille akamaliza. Vigelegele vikapasuka, mabido yakarudi chini, na Bibiane akaenda kusimama nyuma ya mulango ajipanguse macho.

Muzee Alphonse akavua kofia. Akavuta kiti chake karibu na cha mukwe wake, bila kuuliza ladha ikoje. Akachukua ile chupa na kumujazia tena, polepole, mupaka juu kabisa, vile divai haijazwagi. Zagabe akaipokea kwa mikono miwili.