Mtani Kwenye Ncha ya Kamba

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuikaza kwa milima isiyumbe, kisha akatupa sisi waja wake miguu ya kuijaribu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Siku hizi magoti yangu hulalamika hata kwenye ngazi fupi za msikiti, nami siyakemei, kwa kuwa yamefanya kazi yake. Kuna wakati yalinipandisha jiwe ambalo hata tai alilizunguka kwanza kabla ya kutua juu yake, na ni neema hiyo ninayotaka kuiandika.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa kijana wa Gongoni, Tabora, nimekwisha kuhitimu Kurani na kusoma skuli kidogo, nikishona kanzu katika duka la mjomba wangu. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini nilikuwa na hamu ya kuona nchi. Basi tukasikia kwamba Serikali inapima ardhi ili ichore ramani, na juu ya majabali marefu zinasimamishwa bikoni, yaani nguzo ambazo wapimaji huzitazama kwa mbali kutoka kilele hadi kilele. Walitakiwa vijana wa kuzipandisha. Kwanza wangefundishwa kupanda miamba kwa kamba, kwenye majabali yaliyoko mbele ya Bukene, kwenye reli ya Mwanza. Atakayefika juu ya jiwe la mwisho ataajiriwa; atakayeshindwa atarudi kwao.

Mjomba akaniambia, "Nenda, baba. Lakini usishindwe, maana kiti chako nimekwisha kumpa mtu."

"Nani huyo, mjomba?"

"Mkwe wangu. Tena anashona vizuri kuliko wewe."

Mama alinisomea dua, akanipulizia utosini, kisha akauliza kama mawe hayo yana nyoka.

Mwalimu wetu alikuwa mpimaji wa Kizungu, mrefu, shingo nyekundu kama tofali, na Kiswahili chake kilikuwa safi ila kilikwenda polepole kama mtu anayevuka mto. Sote tulimwita Bwana Mpima. Alitwambia kwamba kwao alipanda miamba tangu ujana, kwa furaha tu. Hatukumsadiki. Kwetu mtu hupanda akiona mzinga wa nyuki. Nani apande jiwe lisilo na asali?

Alitufundisha kwamba jabali refu halipandwi kwa mkupuo mmoja. Wa kwanza hupanda kipande, akafika mahali penye nafasi ya kusimama, akajifunga hapo kwenye jiwe imara. Kisha huizungusha kamba kiunoni na kuivuta taratibu huku mwenzake akipanda kumfuata. Wakikutana, huanza kipande kingine, na sasa yule wa pili hutangulia. Jambo hilo halikuwa geni masikioni mwangu. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, naye alizoea kusema kwamba Bagamoyo haiendwi, huendwa vituo.

Wakati ule hatukuwa na vyuma vingi. Kila asubuhi tulipokwenda kwenye majabali tuliokota vijiwe vya mviringo korongoni, tukavitia mifukoni. Ukiwa juu na ukakuta ufa, unachagua kijiwe kinachouenea, unakikwamisha, unapitisha kitanzi cha kamba nyuma yake, unaning'iniza pete ya chuma, na kamba kubwa inapita ndani ya pete hiyo. Ukianguka, kijiwe kile ndicho kitakachokushika. Nilivijaza kwa wingi hata kaptula yangu ikawa inateremka.

"Mtazameni!" akapiga kelele kijana tuliyefungwa naye kamba moja. "Mnyamwezi hawezi kutembea bila mzigo. Amekosa pembe, amejipakia mawe!"

Kijana huyo alikuwa Mzaramo. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, wakakaa mtaa wa Isevya. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita katika nchi yao na mizigo mabegani. Kwa ajili ya wajukuu wasiojua, mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe, kukunyang'anya mnofu mdomoni, na kufanya mzaha hata mbele ya jeneza la baba yako. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini siku hiyo ya msiba ndiye huyo huyo anayeingia kaburini kuchimba.

Tulifundishwa kuulizana kabla ya kupanda. Nami nikamuuliza kutoka chini, "Umenishika?"

"Nimekushika kwa mkono mmoja. Wa pili unamenya karanga zako."

"Na ukiniachia?"

"Nikikuachia, nitafika kwenu kabla ya maiti. Nataka nikae karibu na sufuria ya pilau!"

Nikacheka, nikapanda kama pimbi. Lakini Bwana Mpima alikuwa nyuma ya jiwe, amesikia kila neno. Akatuita, na ule wekundu wa shingo ulikuwa umepotea kabisa.

"Ninyi mna ugomvi gani?"

"Hatuna ugomvi, Bwana."

"Huyu amesema atakuachia ufe."

"Ndiyo, Bwana. Ni mtani wangu."

Alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. Simlaumu. Alikwisha kuona mtu akianguka huko kwao, na hakutaka kuona tena. "Kwenye kamba hakuna mzaha," akasema. "Anayetaja kifo cha mwenzake hawezi kushika maisha yake." Akamchukua mtani wangu kwenye kamba yake mwenyewe, akampiga marufuku kuninenea kitu chochote wakati wa kupanda.

Mimi nikapewa kijana mwingine, mtoto wa wakulima Wakristo wa kanisa la Kimoraviani kutoka vijiji vya huko huko Bukene. Alikuwa mpole, mwenye adabu, na mikono yake ilikuwa na nguvu ya jembe. Nikimuuliza, "Umenishika?" alijibu, "Nimekushika, ndugu," kisha kimya. Mungu amrehemu, hakuna kamba iliyowahi kushikwa vizuri zaidi. Lakini kimya kile kilinielemea. Nilianza kuusikia upepo, nikaanza kuusikia moyo wangu, na mtu akishaanza kusikiliza moyo wake juu ya jabali, hafiki mbali.

Siku ya jiwe la mwisho ikafika. Tulitangulia sisi wawili. Bwana Mpima na mtani wangu wakafuata nyuma yetu. Vipande vya chini vilikwenda salama, na sote tukakutana kwenye ukingo mpana chini ya kipande cha juu kabisa. Zamu ya kutangulia ilikuwa yangu.

Nilipanda vizuri mpaka kamba iliyokuwa chini yangu ikawa ndefu kuliko nilivyopenda. Hapo pakawa laini, na mahali pa kushika palikuwa mbali kidogo na mkono wangu. Nikatazama chini, kosa tulilokuwa tukionywa kila siku. Nikaona pori la miombo limetandikwa kama mkeka, na moshi wa treni mdogo kama wa sigara. Mguu wangu wa kushoto ukaanza kutetemeka juu na chini, mfululizo, kama unakanyaga cherehani. Nikauamuru uache. Haukunisikia.

"Mungu yupo, ndugu yangu," akasema Mmoraviani kutoka chini, kwa sauti ya upole sana.

Ni kweli yupo, nami nilikuwa nikimtaja. Lakini sauti ile ilikuwa ya mtu anayezungumza na mgonjwa ambaye watoto wake wamekwisha kuitwa. Nikazidi kuogopa.

"Tulia," akasema Bwana Mpima. "Kama huwezi, rudi taratibu. Si aibu."

Kurudi ndiko kushindwa. Nikamwona yule mkwe kwenye kiti changu, anashona vizuri kuliko mimi. Hata hivyo nikaanza kutafuta kwa mguu njia ya kuteremka.

Hapo mtani wangu akashindwa kujizuia.

"We Mnyamwezi! Mbona umeganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe?"

"Nyamaza!" Bwana Mpima akamkemea.

"Bwana, nipe adhabu baadaye. We mbeba pembe! Babu yako alibeba jino la tembo mpaka Bagamoyo, wewe unashindwa kubeba kiuno chako hapo juu?" Hakusema kiuno, lakini mimi naandika kiuno.

"Ngoja nifike juu nikutemee mate, mla nazi wewe!"

"Mate utayatoa wapi? Ulimi umekukauka kama kandambili!"

Kicheko kikanitoka bila ruhusa yangu. Nikacheka mpaka paji la uso likagusa jiwe, na katika kucheka pumzi ikarudi, na mguu, nashangaa mpaka leo, ukatulia. Nikaona ufa uliokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Nikatoa kijiwe, nikakikwamisha, nikapitisha kitanzi. Bismillahi. Nikanyoosha mkono, nikapashika, nikapanda.

Juu palikuwa tambarare, pana nyasi kavu na mavi ya tai. Nilijifunga, nikamvuta Mmoraviani, akafika bila jasho. Akaja Bwana Mpima. Akakaa, akaizungusha kamba kiunoni, akaanza kumleta mtani wangu.

Kamba ikaja, ikaja, kisha ikasimama. Tukachungulia. Mzaramo alikuwa mahali pale pale nilipoganda mimi, amelikumbatia jiwe, macho amefumba.

"Panda, rafiki," akaita Bwana Mpima. "Nimekushika vizuri."

Hakutikisika. Bwana Mpima akangoja, kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Mtukane."

"Bwana?"

"Mtukane, tafadhali. Upesi."

Nikalala kifudifudi ukingoni. "Karibu, bi harusi! Tumekutandikia kitanda, mbona unamkumbatia bwana mwingine huko nje?"

Jicho moja likafumbuka. "Nikifika hapo," akasema, sauti ikitetemeka, "utatamani baba yako asingezaliwa."

"Ukifika lini? Uzaramoni jua huchwa wakati mnaamka!"

Akaanza kupanda, akinitukana kwa kila hatua, ukoo wangu wote mpaka kwa mbuzi wetu. Alipotokeza juu, Bwana Mpima alikuwa anacheka hadi machozi, na kamba bado ameikaza.

Tukaajiriwa wote watatu, tukafungwa kamba moja. Mmoraviani akauliza kwa adabu kama na yeye anaweza kupata mtani. Mzaramo akamshangaa. "Lakini wewe pia ni Mnyamwezi! Nimekuonea huruma siku zote hizi, nikidhani ni mchungaji."

Adhuhuri ikatukuta pale. Sisi wawili tukaelekea kibla, na Mmoraviani akavishika viatu vyetu visichukuliwe na upepo.

Ewe unayesoma, Mola akuongezee afya na riziki ya halali, akulinde wewe na watu wa nyumba yako, akupe imani hofu inapokushika, na akujaalie mwenzi atakayekuchekesha bila kuiachia kamba yako. Amina.