Feni ya Mwalimu Vidosava

Mwalimu Vidosava Prokić hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Asidi ya kutoboa meza alikuwa akiimimina huku anasimulia jinsi anavyomenya pilipili za kuchoma za kutengenezea ajvar, ile rojo ya pilipili ya kwao. Lakini ole wako dirisha liwe wazi nyuma yake na mlango wazi mbele yake! Huo upepo wa kukatiza wenyewe wanauita promaja, na katika mji ule kando ya mto Morava hakuna maradhi usiyoyaleta: shingo kukakamaa, figo kuvimba, jino kuuma, mume kukimbia. Haya, hilo la mume nimetia chumvi. Lakini jirani yake nilimsikia akilisema kwa uso mkavu kabisa.

Sasa, chuo kikuu, kwa hekima zake zisizo na mfano, kikamchagua mwanamke huyohuyo awe mtathmini wa hatari katika maabara ya kufundishia kemia. Kabla ya kila jaribio alitakiwa akae na profesa, waulizane: hapa mtoto wa watu anaweza kudhurika na nini, na tumkinge vipi?

Na kazi aliijua, tusimwonee. Ukija na nywele zimemwagika mabegani, alikufunga mwenyewe, tena kwa kuvuta. Viatu vya wazi, nje. Pipi mdomoni, nje. Mtoto wa mkuu wa kitivo alitolewa siku moja kwa ajili ya kaptula, na mkuu mwenyewe akaja kuomba radhi.

Novemba ikafika, na zamu ya jaribio la shaba na asidi ya nitriki. Profesa Budimir Stanojlović, mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu na ambaye moyoni alikwisha kustaafu miaka mingi nyuma, alikaa na kahawa yake na kigilasi cha rakija, pombe kali ya matunda, eti ya kushusha presha.

"Haya, Vido. Hatari ya kwanza?"

"Asidi kumwagika mikononi."

"Glavu. Ya pili?"

"Kurukia machoni."

"Miwani ya kinga. Nyingine?"

"Ule moshi wa kahawia. Sumu ile, inachoma mapafu. Na ina unafiki, Profesa. Mtu anakohoa kidogo, anasema niko poa, halafu masaa yanapita ndo mapafu yanajaa maji."

"Basi wafanyie ndani ya kabati la kuvuta moshi, feni iwake."

Feni ya kabati lile ilikuwa nzima na ina nguvu za punda, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Ikivuta hewa, hewa nyingine lazima iingie, na ilikuwa ikiingilia kwenye ufa wa mlango, palepale nyuma ya shingo ya Vidosava.

"Na promaja je?" akauliza.

Profesa akaweka kikombe chini. "Ehee! Sasa umesema la maana."

Moshi wa sumu waliumaliza kabla kahawa haijapoa. Promaja iliwachukua asubuhi nzima. Wakakumbuka marehemu wote iliowaua, kila mmoja na ukoo wake, wakapatana feni iwashwe kwa kiasi. Swichi yenyewe ilijua kuwaka na kuzima tu. Hicho kiasi akaachiwa Vidosava akipime kwa shingo yake.

Siku ya jaribio, kijana mmoja mwembamba aitwaye Ognjen Tasić alimfuata kabla hata hajavaa glavu.

"Mwalimu, mimi nina pumu. Naomba feni isizimwe."

"Una pumu halafu unataka upepo? Mwanangu, akili zako ziko wapi? Ndo nakukinga hapa!"

Na kweli alimkinga. Alimtafutia nafasi ambayo upepo wa mlangoni haufiki hata kidogo, bega kwa bega na kabati la sumu.

Aliwasha feni, lazima tuseme. Wakatia shaba kwenye asidi, ikachemka, ikageuka kijani. Baridi ikamgusa shingoni, akavumilia. Ikamgusa tena.

"Hapana jamani, nikifa hapa nani atawafundisha?" Akazima.

"Mwalimu, naomba!" alisema Ognjen.

"Dakika moja tu, usiwe na haraka."

Moshi wa kahawia haukungoja hiyo dakika. Ulijaa kabatini, ukafurika, ukamshukia Ognjen usoni. Alipoanza kukohoa, Vidosava alikumbuka kila neno alilomwambia profesa. Akawasha feni, akafungua madirisha yote na mlango, huku wanafunzi wanapiga kelele, "Mwalimu, promaja! Promaja!" Akamkokota kijana mpaka nje, akaita teksi.

"Niko poa, Mwalimu," Ognjen alisema njiani.

"Nyamaza wewe, hupo poa!" alijibu Vidosava, machozi yakimtoka.

Jioni mapafu yakajaa maji. Madaktari walimwahi kwa sababu tu alikuwa tayari mikononi mwao.

Kamati ya kitivo ikaketi kuchunguza ajali. Vidosava alisimama akasema wazi, "Mimi ndiye niliyezima feni."

"Na ulifanya vyema," alisema Profesa Budimir. "Kosa lako ni kufungua madirisha. Novemba, Vido! Kijana ana jasho! Hata mapafu ya ng'ombe yasingehimili."

Wanakamati, wasomi watupu, wakaguna kwa masikitiko. Wakaamua feni ikatwe waya mpaka majira ya kuchipua, madirisha yapigwe misumari, na jaribio lirudiwe. Ognjen naye arudie akitoka hospitali, la sivyo hafaulu mwaka.

Vidosava alibakiwa na tumaini moja. Kitivo kile hakikuogopa sumu, lakini kiliogopa mama wa mwanafunzi akija na hasira. Akaenda hospitali.

Ljubinka, mama yake Ognjen, alikuwa kando ya kitanda, anamvisha mwanawe soksi za sufu juu ya soksi nyingine za sufu.

"Mama Ognjen, mwanao nimemtia sumu mimi. Aliniomba nisizime feni, nikaizima. Sasa wanaikata kabisa, na watamrudisha palepale. Nenda ukawapigie kelele. Wewe watakusikiliza."

Ljubinka akamshika mkono kwa upole. "Dada'angu, usijibebeshe dhambi za watu. Profesa kanieleza yote. Ni ule upepo. Wewe ulizima hiyo feni, Mungu akuzidishie."

Ognjen akashusha barakoa ya oksijeni. "Mama, anasema kweli. Nilimwomba."

"Funika mdomo, upepo usikuingie!"

Kijana akairudisha barakoa, akamtazama mwalimu wake. Kifua kilikuwa kinapanda kwa taabu. Wodi ilikuwa na joto na harufu ya supu, haina hewa kabisa. Vidosava alimtazama yule mama, akajiona mwenyewe, akaona aibu. Akaenda dirishani, akalifungua lote.

Loo! Wagonjwa wakavuta mablanketi mpaka puani. Mmoja, aliyevunjika miguu yote miwili, nusura akimbie. Nesi akaingia mbio.

"Bibi wewe, unataka kutuulia watu?"

Akamshika kiwiko, taratibu kama anavyoshikwa mtu aliyerukwa na akili, akamtoa nje. Akiwa koridoni, Vidosava alisikia komeo la dirisha likifungwa, Ognjen akikohoa, na Ljubinka akimshukuru nesi kwa niaba ya wodi nzima.